Sungura na Ubavu wa Meru

Mjini Arusha, bibi mmoja hunadi "Paukwa!" na wajukuu humwitikia "Pakawa!" Kwa itikio hilo huwa wamekwisha kuwa washirika wake katika uwongo. Usiku mmoja mjukuu mdogo, ambaye tangu kufiwa na mamaye hakuwa akisema ila kwa kuulizwa, alidakia kwamba ubavu wa mashariki wa Meru uliliwa na sungura. Wenziwe wakacheka: sungura ale mlima wa zaidi ya mita 4,500! Wajuzi wa miamba husema ubavu huo uliporomoka, maelfu ya miaka iliyopita. Bibi hakusahihisha. Aliuliza tu, kwa utaratibu, sungura alitowelea nini.

Mtoto akafikiri kitambo. "Majivu, bibi. Yaliyombakia ndiyo kile kilima cha mle shimoni."