Gavana Si Adui Yako

 

Hapa kwetu ukitaja gavana, ukimwacha yule wa kaunti, watu huwaza matatu. Tangu Februari 2004, sheria za marehemu Waziri John Michuki zilipoanza kazi, matatu inatakiwa iwe na spidi gavana isiyoiruhusu kupita kilomita 80 kwa saa. Ndiyo maana tumezoea kuona gavana kama kitu cha kuzuia, kitu cha kumlia dereva trip zake.

Lakini nenda ukaangalie jenereta yetu pale nyuma ya kanisa. Ndani ya injini kuna vyuma vidogo vinavyozunguka na kutanuka mwendo ukizidi. Nje kuna mkono na springi, vimeunganishwa na kabureta. Injini ile inatakiwa izunguke kama mara 3,000 kwa dakika ndipo stima itoke sawa. Sasa sikiliza hapa. Watu wa sauti wakiwasha spika zote, injini inalemewa na mwendo unashuka. Ni nani anayeifungulia kabureta zaidi? Ni gavana! Mzigo ukipungua, ni huyo huyo anayeirudisha.

Vijana wa kesha walitaka springi ikazwe "ipate nguvu". Fundi akakataa, na nilifurahi sana alivyokataa. Aliwaeleza kwamba ukiikaza, mwendo unapanda na volti zinapanda nao, na kinanda na amplifaya ndizo zitakazolia kwanza. Ukiitoa gavana kabisa, siku mzigo utakapozimwa ghafla injini itakimbia mpaka chuma kinachoshika pistoni kikatike na kutoboa injini ubavuni. Na injini ni ile ile. Ulichoongeza ni mwendo tu.

Mpendwa, Paulo akiorodhesha tunda la Roho kule Wagalatia 5, kiasi kinakuja mwisho, na wengi wetu tukifika hapo tumeshachoka kusoma. Tunadhani kiasi ni Mungu kutunyima. Mimi naamini kiasi ndicho kinachojua ulipolemewa. Dada anayenyonyesha anayeniambia atafunga siku arobaini, huwa namwambia wazi: hapo umekaza springi tu, mama.

Sasa niseme kilichonifanya niandike leo. Ndugu yetu mmoja, dereva wa Machakos kwenda Nairobi, aliambiwa na mwenye gari akate waya ya spidi gavana apige trip moja zaidi kwa siku, ama arudishe funguo. Alirudisha funguo. Hii ni wiki ya tatu yuko nyumbani, na ana karo ya watoto watatu. Jumapili nilisikia mtu akinong'ona kwamba wokovu umemzidi akili. Anayesema hivyo akae kiti cha mbele pale Kyumvi alfajiri, gari likipita lori la simiti kwa kilomita 120, halafu aje tuongee.

Akina mama wameshapeleka unga na mafuta, Mungu awabariki. Lakini ndugu huyu haombi unga, anaomba kazi. Kama una gari, ama unajua shule inayotafuta dereva wa basi, niandikie inbox leo, usingoje ibada. Leseni yake ya PSV iko sawa, na anaweza kuanza hata kesho asubuhi.