Kabla Uulize Niliacha Chuo Mwaka Gani

Wasee, niliacha chuo mwaka wa tatu. Karo ilikwama, na hizo sababu zingine tuziache. Sasa kila nikiposti mambo ya sayansi, lazima mtu aandike: "Si wewe ulishindwa na shule?" Sawa. Hebu niwape stori moja ya maabara.

Tulikuwa tunatengeneza galektini-1, protini ya mwili wa binadamu inayoshika sukari zilizo kwa uso wa seli. Unachukua jeni ya binadamu, unaiingiza kwa bakteria, E. coli. Hao jamaa wakiwa na chakula na joto fiti wanagawanyika kila dakika 20 hivi. Wakishajaa unawawekea IPTG, kemikali inayowadanganya ati laktosi imefika, na wanaanza kukutengenezea protini yako. Si uchawi: insulini ya binadamu ilitengenezwa kwa bakteria mwaka wa 1978, na Marekani ikaikubali kama dawa 1982.

Nikapasua bakteria, nikanasa protini kwa laktosi, nikaisafisha, nikaipitisha kwa jeli. Manze, bendi moja ya bluu, safi, pale pale inafaa kukaa! Nikapiga picha nikamtumia mamangu: "Mum, nimeweza."

Kesho yake ikaja kupima kazi. Unachanganya protini na seli nyekundu za damu ya sungura kwa vishimo vidogo vya plastiki. Kama protini inashika sukari, inaunganisha seli zinatandazika kama mkeka. Kama haishiki, seli zinazama chini, unaona kidoti chekundu.

Nilipata vidoti. Safu nzima.

Fundi wa maabara akaniuliza swali moja tu: "Uliweka ile dawa ya kuzuia oksijeni?" Sikuwa nimeweka. Galektini-1 ikikaa na oksijeni bila kinga, inajikunja vibaya na inaacha kushika sukari. Lakini kwa jeli inaonekana tu vile vile. Jeli inakuambia ukubwa. Kama protini inafanya kazi, hiyo haijui.

Nikarudia wiki mbili. Safari hii mkeka ukatokea. Nikaongeza laktosi, mkeka ukapotea, maanake protini iliacha seli ikashika laktosi. Hapo ndio unajua ni sukari inashikwa kweli, si uchafu tu umegandisha seli.

Muhula uliofuata sikurudi.

Sisemi cheti ni bure. Ningekuwa na doh ningekaa nikimalize, na bado inaniuma. Ninachoomba ni hiki: nikisema kitu hapa, kipime. Nikikosea, niambie wapi, nitarekebisha mbele ya kila mtu. Kuniuliza niliacha mwaka gani hakujapima chochote.

Mum bado ako na ile picha ya kwanza kwa simu. Huonyesha wageni. Sijawahi kumwambia hiyo protini ilikuwa imekufa.