Scottsdale: Kuachwa Siyo Mwisho
Ukifika Scottsdale, Arizona, mwezi Februari, utakutana na farasi wa Kiarabu waliopambwa kama bibi harusi. Maonyesho haya yalianza 1955. Lakini mapenzi yaliwahi kuingia baridi: sheria ya kodi ya 1986 iliwazibia matajiri mwanya wa kukwepesha kodi kwa kufuga farasi. Bei zikaporomoka, wengi wakakosa wa kuwatunza.

Farasi huishi miaka 25 hadi 30. Sasa, aliyeshindwa urembo aende wapi? Wanaowaokoa huwafundisha kazi mpya: kubeba watoto wenye ulemavu, au safari ndefu milimani. Kule California, kwenye mbio za Tevis za kilomita 160 ndani ya saa 24, Waarabu ndio wababe!

Ila kabla hujamchukua mmoja, jiulize: majani, kwato na daktari utavilipia miaka yote hiyo?