Kicheko cha Darasa la Sita

Aprili 2025, baada ya Papa Fransisko kufariki siku ya pili ya Pasaka, wanafunzi wangu hapa Makunduchi walikuja skuli na habari waliyoisikia redioni. "Mwalimu, papa gani huyo aliyekufa?" Darasa zima likaangua kicheko. Ni watoto wa wavuvi. Papa wamjuao ni yule anayechanwa na kuanikwa juani. Nilipaswa kuwanyamazisha. Nilicheka nao.

Kisha nikawaambia kwamba huyo ni mkubwa wa Wakatoliki, wanamwabudu, na wanaamini hakosei abadan. Maneno hayo sikuyasoma popote. Niliyaokota barazani, nikayasema kwa sauti ileile ninayofundishia Mapinduzi ya 1964.

Nyuma ya darasa alikaa mtoto mmoja Mkatoliki, wazazi wake wametoka Bara. Nilijua kuwa yupo.

Kesho yake mama yake akaja. Hakugomba. "Mwalimu, mwanangu kaniuliza usiku kama sisi tunaabudu mtu. Nimemjibu, lakini anakuamini wewe kuliko mimi." Akanieleza kuwa katika kila Misa Papa hutajwa kwa jina, aombewe, na sasa kafa, wanamwombea Mungu amsamehe dhambi zake.

Nilikosa la kusema. Anayeombewa msamaha ni mja, kama sisi tunavyowaombea maiti wetu tukiwaswalia. Ningaliuliza tu, ningalielewa.

Nikaanza kusoma. Papa ni Askofu wa Roma, na Wakatoliki humhesabu kuwa mrithi wa Mtume Petro. Huko kutokosea, kulikotangazwa 1870, kunahusu pale tu anapolitolea Kanisa zima tamko la mwisho juu ya imani na maadili. Nje ya hapo ni mwanadamu, na dhambi zake huziungama kwa padri. Mwaka 2014 Fransisko mwenyewe alipiga magoti hadharani ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro, akaungama. Nilipolisoma hilo niliona haya, kwani mimi nilikuwa bado sijasema kitu darasani.

Nilichelewa mpaka Mei, Papa Leo wa Kumi na Nne alipokwisha kuchaguliwa. Ndipo nikasimama, nikawaambia: niliwafundisha uongo. Nikawaeleza kuwa jina hilo walilolicheka linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya baba. Kwamba Papa Yohane Paulo wa Pili alikuja Tanzania 1990, na kwamba miongoni mwa makadinali 133 waliomchagua huyu mpya alikuwamo Protase Rugambwa wa Tabora.

Halafu nikakosea tena. Nilimwomba yule mtoto asimame atueleze wanavyosali kwao. Akasimama, midomo ameifunga, wenzake wote wamemgeukia. Nilikuwa nimemtwisha mzigo wangu. Nikamwambia akae.

Tukikutana njiani huniamkia, "Shikamoo, mwalimu," kwa adabu zote, macho yake chini. Darasani hajanyoosha mkono tena.