Sura ya Sauti

Sauti haina uso. Mpiga muziki asikiwaye katika sahani ya santuri hajulikani umbo wala rangi, ila kwa jalada lililoivika sahani yake. Kwa hiyo mchora jalada amechukua amana kubwa: kazi yake humtangulia mpiga muziki mlangoni, na kumjulisha kwa watu kabla hajasikiwa.

Amana hiyo huweza kukhiniwa. Mwaka 1957, Miles Davis, mpiga tarumbeta Mmarekani mweusi, alitoa "Miles Ahead" pamoja na mpangaji wa muziki Gil Evans. Jaladani kampuni iliweka picha ya mwanamke mweupe katika mashua ya tanga. Tanga na upepo vilipatana na ulaini wa muziki. Lakini mwenye muziki hakuwamo. Wahenga walinena, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hapa mambo yaligeuka: ndani mlikuwa na manukato, na mkakasi ukalificha ua. Davis alilalamika, na katika matoleo ya baadaye picha yake mwenyewe ilishika mahali pale.

Mwaka 1961 alitoa "Someday My Prince Will Come", wimbo uliotoka katika filamu ya 1937 ya binti mfalme mweupe kama theluji. Jaladani alikaa Frances Taylor, mkewe, mcheza dansi mweusi. Basi binti mfalme akapata uso mwingine.

Jalada jema hupendeza macho. Lililo bora ni lile ambalo mwenye sauti akilitazama hujiona mwenyewe.