Pilau ya Pwani na Pilau ya Bara

Pilau ya Unguja kwa desturi haitiwi nyanya. Vitunguu hukaangwa hata vigeuke rangi ya kahawia, kisha hutiwa nyama, tangawizi, kitunguu saumu, na viungo vizima: bizari nyembamba, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga. Mchele hupikwa kwa supu ile ile ya nyama, na ukikauka hupaliwa makaa juu ya mfuniko.

Huku Mamboya twanunua bizari iliyokwisha kusagwa, tena twaongeza nyanya na karoti. Arusini mgeni mmoja wa pwani alionja, akasema, “Huu ni wali wa nyanya.” Neno hilo lilimchoma shangazi yangu, aliyekuwa jikoni tangu alfajiri.

Kwa ladha mimi nawapa wao ushindi. Walakini Waajemi walikuwa na pilau kabla ya Waunguja, na karafuu zenyewe zilifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Waajemi huchemsha mchele kwanza, wakauchuja, ndipo wakaupika kwa mvuke. Na ule ukoko, ambao sisi twawaachia watoto, wao humpa mgeni.