Heroe Huzaliwa Kijivu

Kitabu nilichokipenda kuliko vyote utotoni hakikuwa na jalada. Kilipofika nyumbani kwetu Kivumbini, mjini Nakuru, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kurasa za mbele zilikuwa zimeshang'oka na zilizosalia zilishikwa pamoja kwa uzi mweusi wa fundi viatu, kwa hiyo jina lake na la mwandishi wake sikupata kuyajua. Aliyekileta ni shangazi. Alikuwa akifundisha nasari upande wa Njoro, na kila kitabu kilichochakaa mikononi mwa wanafunzi wake alikishona upya akatuletea sisi.

Kilikuwa kitabu cha picha, na mhusika wake alikuwa kinda wa heroe, ndege ambaye mjini kwetu kila mtu humwita flamingo. Chini ya kila picha palikuwa na mstari mmoja au miwili ya Kiingereza. Shangazi hakuisoma. Alitusimulia kwa Kiswahili chake mwenyewe, na hadithi ikawa inageuka kila jioni: leo kinda ana kaka mchokozi, kesho ameachwa nyuma na mama yake, keshokutwa anamwogopa fisi. Picha tu ndizo zilizokaa pale pale, nasi tulizijua zote kwa moyo.

Ya kwanza ilionyesha kiota cha tope kilichoinuka kama kinu kidogo katikati ya maji, na juu yake kinda mwenye vinyoya vya kijivu. Mdomo wake ulikuwa umenyooka, ilhali wa mama yake, aliyesimama kando, ulikuwa umepinda kuelekea chini. Katika picha iliyofuata kinda alijitazama majini akaona kijivu kitupu, akawatazama wakubwa akaona waridi. Kisha zikaja kurasa za kula. Zilikuwa nyingi na zilifanana mno: kinda ameinamisha shingo, kichwa kimepinduka juu chini, mdomo umo majini. Ukurasa baada ya ukurasa ni hivyo hivyo, isipokuwa mdomo ulizidi kupinda kidogo na kwenye bega la bawa palianza kutokea wekundu hafifu ambao usingeuona bila kusogeza taa ya koroboi. Sisi tulitaka kuziruka kurasa hizo tufike mwisho, kwenye ndege wa waridi akiruka na maelfu ya wenzake. Shangazi hakukubali turuke hata mmoja.

Dada yangu mdogo ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Alichukua krayoni nyekundu akampaka yule kinda wa picha ya kwanza mwili mzima, akakandamiza hadi rangi ikatokea upande wa pili wa karatasi. Nilitarajia kofi. Shangazi aliitazama kazi ile, kisha akamwambia kwa upole, "Mama, umempaka kabla hajala. Rangi ya heroe haivaliwi, inaliwa."

Wakati ule niliyachukua maneno hayo kuwa utani wa kumtuliza mtoto, kumbe ni kweli tupu. Heroe mdogo, aina inayojaa katika maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, huanguliwa akiwa wa kijivu. Wazazi wote wawili humlisha majimaji mekundu yanayotengenezwa kooni mwao. Mdomo ukishapinda huanza kuchuja maji mwenyewe, akitafuta spirulina, viumbe vya kijani-buluu visivyoonekana kwa macho vinavyostawi katika maji yenye chumvi ya magadi. Ndani ya viumbe hivyo mna karotenoidi, rangi za jamii moja na ile ya karoti, nazo ndizo zinazohifadhiwa katika manyoya yake. Waridi kamili huchukua miaka 3 au 4. Na heroe anayefugwa asipopewa chakula chenye rangi hizo hupauka, hata kama ndiye mkubwa wa kundi.

Hapo ndipo kitabu kile kilipovizidi vingi vya watoto nilivyosoma baadaye. Hadithi nyingi za kugeuka hutegemea muujiza: fimbo hupigwa chini, chura akawa mwana wa mfalme. Kitabu cha shangazi kilisema kwamba badiliko lina chakula chake na lina muda wake, na anayetaka kulielewa hana budi kuuliza ni nini kilicholiwa, siku baada ya siku, katika zile kurasa zinazochosha.

Nilikuja kuwaona heroe kwa karibu nilipokuwa darasa la nne, klabu ya wanyamapori ya shule yetu ilipotupeleka ndani ya mbuga ya Ziwa Nakuru. Kabla ya hapo nilikuwa nikiwaona kwa mbali, ukanda wa waridi ukizunguka maji. Ufukweni mambo yalikuwa mengine kabisa. Harufu ya magadi na kinyesi ilitushika puani, tope lililokauka juu likavunjika chini ya viatu, na mbele yetu maelfu kwa maelfu ya ndege walikuwa wakinung'unika kwa sauti ya chini bila kunyamaza. Wenzangu walitazama waridi. Mimi nilikuwa nawatafuta wa kijivu, na nikawapata: walisimama pembeni mwa kundi, wengine wa hudhurungi, shingo zimeinama, wanakula.

Katika miaka mizuri ziwa letu lilitajwa kuwa na heroe zaidi ya milioni moja. Watu walivuka bahari kuja kuliona. Lilitengwa kuwa hifadhi ya ndege mwaka 1960, likawa mbuga ya taifa mwaka 1968, na mwaka 1990 likawa la kwanza nchini Kenya kuorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu. Mwaka 2011, pamoja na maziwa ya Bogoria na Elementaita, liliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mjini kwetu heroe alikuwa kila mahali, kwenye mabango ya maduka, kwenye kadi za posta, hata mtaa mmoja ukaitwa Flamingo.

Lakini jambo moja kitabu changu hakikulionyesha. Ndege alibadilika kila ukurasa, ila ziwa lilikuwa lile lile kuanzia picha ya kwanza hadi ya mwisho. Ziwa Nakuru halijawahi kuwa hivyo. Halina kina kirefu na halina mto unaotoka. Hupokea maji ya mito kama Njoro, Makalia na Nderit, na chemchemi za Baharini, kisha hulitegemea jua liyapunguze. Mwaka 1996 lilikaribia kukauka, vumbi jeupe likapeperuka juu ya mji. Tangu kama mwaka 2010 mambo yakawa kinyume: maji yakaanza kupanda. Kutoka ukubwa wa karibu kilomita za mraba 40 ziwa lilitanuka hadi karibu 68 kufikia mwaka 2020. Lango kuu la mbuga lilizama pamoja na majengo yake. Migunga, ile miti ya gome la manjano iliyopamba ufuko, ilifia ndani ya maji ikiwa imesimama. Upande wa Barut maji yalivuka ua wa mbuga yakaingia mashambani na nyumbani mwa watu.

Maji yalipoongezeka, magadi yalizimuliwa. Magadi yalipozimuliwa, spirulina ilipungua. Heroe wengi wakahamia Bogoria na Elementaita.

Nilimpeleka binti yangu akiwa na umri niliokuwa nao mimi wakati wa safari ile ya klabu. Tulisimama mbele ya maji mengi ya rangi ya udongo, tukaona mwari, tukaona nyati, tukaona vigogo vyeupe vikitokeza juu ya maji. Akauliza, "Baba, nani aliwafukuza?" Nikamjibu jinsi shangazi ambavyo angejibu: hakuna aliyewafukuza, tuangalie chakula chao kimepatwa na nini. Swali lake liligeuka hapo hapo, akataka kujua maji haya yametoka wapi. Hilo ndilo swali ninalotamani kila mkazi wa Nakuru aliulize.

Ripoti iliyotolewa mwaka 2021 na serikali pamoja na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa ilitaja mvua zilizoongezeka kutokana na mabadiliko ya tabianchi, na ikataja pia uharibifu wa ardhi katika vyanzo vya maji. La pili tunalijua kwa macho yetu. Mto Njoro huanzia msitu wa Mau Mashariki, na mwaka 2001 maelfu ya hekta za msitu huo zilifutiwa ulinzi na kugawiwa watu. Miti inapoondoka, mvua haizami ardhini polepole. Huteremka kwa kishindo ikiwa imebeba udongo, na kiangazi mto hubaki mawe matupu. Huku chini nao mji umekua. Sensa ya 1979 ilihesabu wakazi wasiofika laki moja, ile ya 2019 ikahesabu zaidi ya 570,000, na Desemba 2021 Nakuru ikatangazwa jiji. Maji machafu na takataka za watu wote hao huelekea bondeni, na bondeni ni ziwani.

Siwaungi mkono wanaosema ziwa limekufa. Ziwa lenye tilapia na mwari si maiti, na heroe bado huja kwa makundi hali ya maji inapowafaa. Kusema limekufa ni kuruka kurasa zote za katikati, mtu akabaki na picha mbili tu, ya zamani na ya sasa, bila kujua lililotokea kati yake.

Isitoshe, heroe hawajawahi kuwa wetu peke yetu. Hadi miaka ya 1950 wataalamu hawakuwa na hakika heroe wadogo wa Afrika Mashariki hutagia wapi. Mwaka 1954 Leslie Brown, afisa wa kilimo nchini Kenya, aliona kutoka angani makazi yao katika Ziwa Natron, Tanzania. Alijaribu kuyafikia kwa miguu, akazama katika tope la magadi lililomchubua miguu vibaya akaishia hospitali. Huko ndiko karibu wote huzaliwa, katikati ya maji makali ambayo adui hathubutu kuyavuka. Mwaka 1962 Natron ilipofurika walijaribu kutagia Ziwa Magadi, upande wa Kenya, na chumvi ikaganda miguuni mwa vifaranga ikawa pingu. Watu, akiwemo mpiga picha za wanyama Alan Root, waliingia ziwani wakavunja pingu hizo moja moja kwa kuzigongagonga, wakawaokoa maelfu.

Ndege wangu wa kitabuni, basi, kama mchoraji alimchora kwa kweli, alikuwa Mtanzania kwa kuzaliwa. Nakuru ilikuwa kituo kimoja katika mnyororo wa maziwa anayoyapitia maisha yake yote, leo hapa, mwezi ujao Bogoria, mwaka mwingine Elementaita au Natron. Kwa ndege wa namna hiyo kupoteza ziwa moja kwa muda si msiba, maadamu mengine yapo. Msiba ni mnyororo wenyewe ukikatika. Ndiyo maana katika miaka ya 2000, ulipozuka mpango wa kujenga kiwanda kikubwa cha magadi pale Natron, sisi wa Nakuru tulipaswa kupiga kelele sawa na wakazi wa huko. Mpango ule haukutekelezwa. Hakuna anayeweza kuahidi kwamba hautarudi kwa jina jingine.

Shangazi alifariki kabla lango la mbuga halijazama, na kitabu chake kilipotea tulipohama Kivumbini. Kama angekuwa hai ningemwomba atusimulie tena, safari hii na ziwa liwe linabadilika, na angeongeza Mau ndani yake bila kusita.

Mzazi mwenzangu, ukimpeleka mwanao ziwani na asiwakute heroe, usimwambie wameisha. Mwonyeshe milima ya Mau upande wa magharibi umweleze kwamba mto unaanzia kule. Mwonyeshe mtaro unaotoka mtaani kwenu umwambie unaishia wapi. Mtajie Natron. Kisha mwende pamoja kwenye baraza la wadi yenu mkaulize maji machafu ya mtaa husafishwa wapi kabla hayajafika ziwani, na msiondoke bila jibu.